Watu kama arobaini hivi

Wiki iliyopita niliandikiwa na kijana mmoja aliyepandishwa cheo juzi tu kuwa msimamizi wa zamu mgodini, huku huku Kanda ya Ziwa. "Shikamoo mzee. Nina watu kama arobaini hivi, wengi wamenizidi umri na hawanisikilizi. Nyie kule vitani mliwezaje kuwafanya watu wawafuate hata kwenye risasi?"

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale pale: kama arobaini hivi. Nitakueleza kwa nini, na wengine mnaotamani kuongoza mtege sikio, maana najua mko wengi.

Mwaka 1978 nilikuwa Luteni Usu, umri miaka 24. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba na Mwalimu Nyerere akasema redioni kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo, mimi nililisikia lile neno nikiwa kambini, nikasimama kabisa kwenye kiti. Nikapewa platuni ya watu 31. Askari wa kudumu walikuwa tisa. Waliobaki wote mgambo: wakulima wa pamba, fundi cherehani, mwalimu wa shule ya msingi ambaye alikuwa na umri wa kunizaa, na kijana mmoja wa Shinyanga ambaye hajawahi kuvaa buti maishani mwake. Alizopewa zilikuwa kubwa mno. Tulipofika Kyaka akaokota majani makavu ya migomba, akayakunja vizuri, akayashindilia puani mwa buti, na akatembea hivyo.

Miezi ya mafunzo na ya kusubiri mtoni siisimulii. Ila jambo moja niliambiwa na sajini wangu, mtu mzima aliyekuwa jeshini tangu zamani: "Afande, kagua miguu." Basi kila jioni niliwakalisha chini, wanavua buti, napita na tochi kuangalia malengelenge. Nikipita namwita kila mtu kwa jina, anaitika, nasonga. Chakula nilikuwa nakula wa mwisho. Yule mwalimu aliyekuwa akinitazama kama mtoto wake akaanza kuniita afande bila kulazimishwa. Toka Mutukula, pale mpakani, hadi mji wa Masaka ndani ya Uganda tulikwenda kwa miguu na sikupoteza mtu hata mmoja. Hilo najivunia mpaka leo na sioni sababu ya kulificha.

Masaka tuliichukua 24 Februari 1979, na hapo ndipo kichwa kilipovimba. Nikajiona mshindi wa vita. Kazi ya kukagua miguu nikamwachia sajini, majina nikayaacha, nikawa mtu wa kuinamia ramani na kukaa na maofisa wenzangu. Wiki mbili tu.

Tarehe 10 Machi tulikuwa Lukaya, kwenye barabara ya Kampala. Mwenye kuipita leo ataona: barabara imejengwa juu ya tuta, kushoto kinamasi, kulia kinamasi, mafunjo marefu kuliko mtu. Amin alikuwa ameletewa Walibya, na Walibya walikuja na makombora ya kurusha mengi kwa mpigo. Makombora yenyewe yalitupita juu yakaangukia mbali nyuma yetu. Lakini ule mlio! Mtu ambaye miezi minne iliyopita alikuwa analima pamba Maswa hawezi kujua kwamba mlio wa kukupita si mlio wa kukuua. Walikimbia. Mwalimu alikuwa ametuambia vitu vitatu, uwezo, sababu na nia. Vyote tulikuwa navyo, na watu wangu walikimbia.

Nikakimbia nao hatua kama hamsini. Nakiri. Kisha nikasimama kwenye tuta nikaanza kuita: "Platuni ya pili, kwangu! Platuni ya pili!" Giza limeshaingia. Wakawa wanatoka kwenye mafunjo mmoja mmoja, wamelowa mpaka kifuani, wengine bila silaha. Nikawatazama pale gizani nikaona wametosha. Kamanda wa kombania akaniuliza, nikamjibu, "Karibu wote wapo." Akanipiga begani akasema vizuri sana, kijana. Nikafurahi, tukasogea kushika nafasi nyingine.

Usiku ule Brigedi ya 208 ya jeshi letu, chini ya kamanda Mwita Marwa, ilizunguka kwa mbali na alfajiri ikatokea ubavuni mwa adui, upande wa Kampala. Sisi tukarudi kwa mbele. Tarehe 11 barabara ikawa yetu, na mgambo wale wale waliokimbia ndio walioirudisha.

Asubuhi hiyo wabeba machela walipita mbele yangu. Kwanza niliona buti, kubwa kuliko mguu, limepasuka ubavuni, na majani ya mgomba yaliyolowa yanachungulia. Kijana wa Shinyanga. Risasi ilimpata gotini wakati wa kukimbia, akalala usiku mzima ndani ya maji ameshika mafunjo. Akanitazama akasema, bila hasira yoyote, "Afande, nilikusikia ukiita. Niliitika."

Aliitika. Lakini mimi nilikuwa naita platuni, sikuwa naita mtu, na anayeita platuni hasikii nani hajaitika. Ningeita majina 31, moja moja, kimya cha jina lake ningekisikia kabla hatujasogea. Mguu ulikatwa juu ya goti.

Baadaye niliongezwa nyota ya pili. Maelezo yake yalisema nilikusanya platuni nzima chini ya moto wa adui. Nzima. Niliisoma karatasi ile na sikuisahihisha.

Miaka kadhaa iliyopita tulikutana Kaboya, kule Muleba walikolala wenzetu, siku ya Mashujaa, 25 Julai. Amezeeka, anatembelea magongo. Akaniletea mwanawe akamwambia, "Huyu ndiye afande aliyekuwa anatukagua miguu." Habari ya Lukaya hakuigusa. Na mimi, Mungu anisamehe, sikuigusa.

Sasa nisikilize mwanangu. Unalalamika hawakusikilizi. Je, wewe umewasikiliza? Arobaini ni wangapi? Ni thelathini na tisa, au arobaini na mbili? Yupi ana mtoto mgonjwa, yupi kofia yake ya mgodini imepasuka ukanda? Hesabu watu wako. Wahesabu kwa majina. Na usimwachie mtu mwingine kazi hiyo kwa sababu mambo yamekuwa mazuri, maana yakiwa mazuri ndipo unapowapoteza.

Kesho zamu ikitoka, simama wewe mwenyewe mdomoni mwa shimo na daftari. Wakati wa kutoka, si wakati wa kuingia. Anza na yule anayekudharau kuliko wote. Mwite jina lake, subiri aitike, umwone uso, ndipo uende kwa mwingine.