Kabla ya kuondoka Dar kwenda Mbeya

Ndugu, umeuliza ubebe nini garini iwapo utakwama njiani na familia kati ya Dar es Salaam na Mbeya. Anza na tairi la akiba: lipime upepo, kisha jaribu kulibadilisha ukiwa nyumbani, kwa sababu nati zilizokazwa kwa mashine gereji mara nyingi hukataa kufunguka kwa spana fupi inayokuja na gari, na hapo kipande cha bomba cha kurefushia mpini huokoa saa nzima. Kibao kipana cha kuweka chini ya jeki ni muhimu pia, hasa wakati wa masika ambapo kando ya lami huwa tope tupu. Beba tochi, waya za kubustia betri, na maji ya kutosha watu na rejeta, ambayo mfuniko wake haufunguliwi injini ikiwa bado ya moto. Pembetatu za kuakisi mwanga ziwe mbili. Matawi tuliyozoea kuyatandaza barabarani hayaonekani usiku. Ukiharibikiwa ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambayo barabara hiyo huipita kwa takriban kilomita 50, watoto wasishuke kabisa.