Kombania ibebe maji ya mwezi mzima?

SWALI: Shikamoo Afande. Nasikia kikosi kikienda porini hupewa mahitaji ya siku tatu tu, kisha husubiri malori. Kwa nini askari wasibebe vya mwezi mzima? Au ndege iwadondoshee? – Fundi Magari

JIBU: Marahaba, Fundi. Nimekaa ghala la jeshi miaka 22, na kila afisa mgeni aliniuliza hivyo hivyo. Jibu langu lilikuwa dumu la maji.

Chukua kombania ya watu 120. Kwenye joto, kwa kunywa na kupikia tu, mpe kila mmoja lita 6 kwa siku. Hapo hajaoga wala kufua soksi. Hizo ni lita 720, madumu 36 ya lita 20, na kila lita ni kilo moja. Siku tatu, tani mbili na ushee. Mwezi, zaidi ya tani 21, na bado hujagusa risasi, chakula wala betri za redio. Utasema tuongeze malori. Lori linataka dizeli, dizeli nayo inataka lori la kuibeba, na wote wanakutaka wewe na spana zako. Ndiyo maana mtambo wa kuchuja maji ya mto nauthamini kuliko malori matatu.

Ndege? Mwishoni mwa 1942 Jeshi la Sita la Ujerumani lilizingirwa Stalingrad, mji wa Urusi, likihitaji tani 300 kwa siku kwa uchache. Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, akaahidi kuleta 500 kwa ndege. Wastani uliofika haukuvuka hata 150. Mapema Februari 1943 waliosalia walikuwa wamejisalimisha.

Ila kuna jambo hukuuliza, nalo ndilo lililonitesa: madumu matupu. Mwaka 1944 majeshi ya Washirika (Marekani, Uingereza na wenzao) yalipokuwa yakiikata Ufaransa mbio, madumu ya petroli yalitupwa njiani kwa mamilioni, hadi ikawa shida kupata cha kubebea petroli yenyewe. Mimi yalinikuta mazoezini. Niliiachia platuni moja madumu 20 matupu, wakayageuza viti, na moja likawa ngoma yenye matundu. Alfajiri lori la maji likaingia limejaa pomoni, dereva ana haraka, nami sina pa kumimina. Tangu siku ile hutoki ghalani kwangu na dumu lililojaa kabla hujanikabidhi tupu, hata uwe meja.