Mbao za ukutani zinazovimba: msizibe kwa simenti

Umeuliza kama simenti itaokoa mbao zinazovimba kwenye ofisi yenu London, nyumba ya miaka ya 1720. Hapana, huenda simenti ndiyo iliyozivimbisha. Kuta za matofali hayo zimejengwa kwa chokaa, hupumua, yaani hutoa unyevu nje. Simenti ikiziba viungo kati ya matofali, maji huingia ndani, kwenye mbao za msonobari.

Unyevu ukiwa chini tu, shusheni usawa wa ardhi nje hadi milimita 150 chini ya sakafu. Ukianzia juu, huenda chanzo ni mfereji wa maji ya mvua uliojificha nyuma ya ukuta mfupi wa paa (masalia ya sheria ya 1707 iliyokataza kingo za paa za mbao).

Simenti itoeni kwa patasi, si grainda (mashine ya kukatia), maana hiyo inakula kingo za tofali. Jazeni viungo kwa mchanganyiko wa chokaa 1 kwa mchanga 3, kina milimita 25. Rangi ya zamani msiipige msasa mkavu: huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Na jengo likiwa kwenye orodha ya urithi, ombeni kibali cha halmashauri kwanza.