Muulize Fundi wa Shanga: Mkanda Unajikunja, Uzi Unakatika

Wengi mlioandika safari hii mnafuma bangili zenu za kwanza, na karibu kila barua inazilaumu shanga. Nimezisoma zote, na naona lawama imekwenda kusiko. Shanga zenu nyingi hazina neno. Kasoro iko kwenye uzi: njia unayopita, mkono unaouvuta na mahali unapoishia. Kwa hiyo majibu ya leo ni ya uzi zaidi kuliko ya shanga.

SWALI: Shikamoo Fundi. Ninajifunza mshono wa peyoti, ule wa shanga kupangana kama matofali ukutani, upana wa shanga kumi. Nikifika safu ya tatu kila kitu kinazunguka, shanga zinapishana, sijui sindano iingie wapi. Nimefumua mpaka uzi umechakaa. Au kazi hii si yangu?

Marahaba mwanangu. Kazi ni yako, usiiache. Umekwama pale pale wanapokwama wote. Safu ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote kwenye peyoti, ukishaivuka kazi inalainika.

Zile shanga kumi ulizotunga mwanzo si safu moja. Ni safu mbili ambazo bado hazijatengana, na safu ya tatu ndiyo inayozitenganisha. Mpaka ikamilike, shanga zote zinaning'inia kwenye uzi mmoja na kuzunguka zinavyotaka.

Chukua rangi mbili, tuseme nyeupe na nyekundu. Kwanza weka ushanga wa kizuizi: upitishie uzi mara mbili, uusogeze hadi ubakize mkia wa sentimita 20 hivi. Kisha tunga nyeupe, nyekundu, nyeupe, nyekundu, hadi zitimie kumi. Ya mwisho itakuwa nyekundu. Sasa geuza, okota nyekundu mpya, ruka nyekundu ya mwisho, ingiza sindano kwenye nyeupe inayofuata. Vuta. Nyekundu mpya itakaa ubavuni mwa ile uliyoiruka. Okota nyekundu nyingine, ruka nyekundu, ingia nyeupe. Safu nzima ya tatu inakwenda hivyo: unaokota nyekundu, unaingia nyeupe. Sindano ikiingia kwenye nyekundu hata mara moja, umepotea njia, na rangi itakuambia papo hapo kabla hujafika mbali.

Ukimaliza utakuwa umeongeza shanga tano tu. Bana kazi kati ya kidole gumba na cha shahada, vuta mkia na uzi wa kazi kwa pamoja, na utaona shanga zimekaa moja juu, moja chini, kama meno ya zipu. Kuanzia safu ya nne unaokota nyeupe na kuingia kwenye zile nyekundu zilizojitokeza juu, na hakuna tena kubahatisha. Utapata mistari myembamba inayokwenda kwa urefu wa bangili, na mimi naipenda hivyo hivyo, haihitaji mchoro mwingine wowote.

Na huo uzi uliochakaa utupe. Uzi uliofumuliwa mara nyingi umeshalegea nyuzinyuzi zake, hata ukipata safu ya tatu hautaishi.

SWALI: Fundi, nimefuma nusu ya bangili lakini mkanda unajikunja upande mmoja kama unataka kuwa duara. Nimeulalisha chini ya vitabu vizito usiku kucha, asubuhi umerudi vile vile.

Vitabu havitasaidia, dada. Mkanda unajikunja kwa sababu pindo moja limevutwa zaidi ya jingine. Tazama mkono wako unapofika mwisho wa safu. Watu wengi hukaza sana pale wanapogeuza, tena upande mmoja tu, ule ambao mkono wenye nguvu unavutia kuelekea mwilini. Katikati unavuta kwa upole, kwenye kona unakaza, na safu baada ya safu pindo hilo linafupika.

Dawa yake ni kuvuta kila ushanga unapouingiza, kidogo kidogo, badala ya kusubiri mwisho wa safu uvute kwa nguvu moja. Uvute mpaka ushanga ukae, kisha mkono usimame. Ukiukunja mkanda kwenye kidole unatakiwa ukubali bila kulazimishwa, na ukiuachia usiache mianya inayoonyesha uzi.

Kuna sababu ya pili, na hii ni ya shanga kweli. Shanga ndogo za duara hazilingani hata kwenye pakiti moja: utakuta nyembamba, nene, zilizokatika upande. Kabla ya kuanza zimwage kwenye kitambaa chenye manyoya mafupi ili zisibingirike, uzichambue. Nyembamba weka kando, zitakufaa mahali unapotaka kupunguza upana. Shanga za umbo la silinda, kama Delica za kampuni ya Miyuki, zinalingana zaidi na matundu yake ni mapana, ndiyo maana anayeanza peyoti namshauri aanze nazo akizipata.

Hiyo nusu uliyoifuma usiilazimishe inyooke. Ifumue.

SWALI: Nimeona shanga zimeandikwa 8/0, 11/0 na 15/0. Nilinunua 15/0 nikidhani ndizo kubwa. Sindano haipiti!

Namba ikipanda, ushanga unapungua. 8/0 una kipenyo cha milimita 3 hivi, 11/0 karibu 2, 15/0 karibu 1.5. Sindano nazo ni hivyo hivyo: namba 12 ni nyembamba kuliko namba 10. Kwa 11/0 tumia namba 10 au 12, kwa 15/0 anza na namba 12. Hizo ulizonunua zihifadhi, ndizo zinazotengeneza kitanzi kizuri cha kishikizo.

SWALI: Ninahesabu safu za peyoti yangu napata 40, rafiki yangu akihesabu anapata 80. Nani yuko sahihi?

Rafiki yako. Wewe umehesabu shanga za pindo moja, na kila ushanga wa pindoni unasimama kwa safu mbili. Zidisha kwa mbili. Kwa Delica za 11/0, mkanda wa sentimita 16 ni karibu safu 200, na ukiwa na upana wa shanga kumi utatumia kama shanga 1,000, yaani gramu 5 hivi. Nunua zaidi ya hapo, maana za kutupa hazikosekani.

SWALI: Shikamoo. Bangili zangu ni nzuri na watu wanazisifu, lakini zinarudi. Uzi unakatika, tena mara nyingi karibu na kishikizo. Natumia uzi wa nailoni wa kushonea na ninafunga mafundo mengi. Nifanye nini?

Marahaba. Barua hii nimeiweka mbele yangu muda mrefu, kwa sababu mtu anayevaa kazi yako na kuipoteza njiani anaumia, na wewe unapoteza jina.

Anza na mahali unapokatika. Pale kwenye kishikizo, pete ya chuma inausugua uzi kila mkono unapotikisika. Ikiwa umefunga uzi mtupu kwenye pete, hata ungekuwa na mafundo ishirini, utakatika pembeni ya fundo. Usiruhusu uzi uguse chuma. Toka pindoni, tunga shanga za 15/0 saba au nane, pita ndani ya pete, rudi uingie pindoni uwe na kitanzi cha shanga. Kisha kirudie kitanzi hicho kwa sindano mara tatu au nne, mpaka matundu yajae. Sasa pete inasugua shanga, na uzi uko ndani salama.

Halafu uzi wenyewe. Nailoni laini inafaa kwa shanga zenye midomo laini. Inyooshe kwanza kwa mikono miwili, kwa sababu isiponyooshwa itanyooka ikiwa tayari mkononi mwa mvaaji na bangili italegea. Ipake nta ya nyuki. Lakini kama unachanganya kristali au shanga ndefu za mrija, nailoni haitakufaa. Midomo ya matundu ya shanga hizo ina makali. Tumia uzi wa polithini wa aina ya mshipi wa kuvulia samaki, ule wa nyuzinyuzi nyingi zilizounganishwa pamoja, na kila ushanga wa mrija uukinge kwa ushanga mdogo wa duara huku na huku. Mshipi huo uubane ncha kwa koleo mpaka uwe bapa, ndipo utaingia kwenye tundu la sindano. Usiukate kwa mkasi wako mzuri, utauharibu makali.

Urefu pia. Usichukue uzi unaozidi mita moja na nusu. Mrefu unaonekana kukupunguzia kazi ya kuunganisha, lakini kipande cha mwisho kinakuwa kimepita kwenye matundu mengi mno, kimechubuka kabla bangili haijavaliwa. Ukibakiwa na sentimita 15 hadi 20, leta uzi mpya.

Na hayo mafundo mengi mahali pamoja, acha. Uzi unashikwa na njia yake. Funga fundo nusu kwenye uzi uliopo katikati ya shanga mbili, pita kwenye shanga tatu nne, funga jingine, kisha geuza mwelekeo. Ukigeuza mara mbili tatu uzi hauchomoki. Fundo la mwisho lisikae mlangoni mwa ushanga. Livute liingie tunduni, pita shanga mbili zaidi, ukaze uzi, ndipo ukate. Ncha itarudi ndani yenyewe.

SWALI: Nafuma kwa mshono wa pembe mraba. Vyumba vyangu havikai mraba, na uzi unaonekana ukikatiza kwenye kona.

Umekatiza njia panda moja kwa moja, ndugu yangu. Kwenye mshono huu shanga nne zinafanya chumba kimoja, na uzi unazunguka chumba, haukatizi. Umetoka kwenye ushanga wa ukuta: okota tatu, rudi uingie ule ule uliotokea, upande ule ule ulioingilia mwanzo. Pete imefungwa. Sasa pita kwenye mbili za kwanza kati ya zile tatu, utatokea ukuta wa mbele, na chumba kinachofuata utakizunguka kinyume cha hiki. Kimoja kwa mwelekeo wa saa, kinachofuata kinyume cha saa. Ukiona sindano inataka kuruka kutoka ushanga wa juu kwenda wa juu wa jirani, simama, zunguka kwa pembeni.

SWALI: Nimegundua katikati ya bangili iliyokwisha kuna shanga mbili mahali pa moja. Nifumue yote?

Hapana. Uvunje mmoja. Ingiza sindano nene tunduni ili iukinge uzi, kinga macho kwa miwani au tandaza kitambaa juu ya kazi, ubane ushanga kwa ncha ya koleo mpaka upasuke. Usiubane bila sindano ndani, kipande cha kioo kitakata uzi na hapo ndipo utafumua yote. Uzi utalegea kidogo mahali hapo. Pitisha uzi mpya mara moja kwenye safu hiyo ukaze.

SWALI: Shanga za rangi ya dhahabu zimepauka baada ya muda mfupi. Nimeuziwa feki?

Si lazima. Rangi nyingine zimepakwa juu tu, na jasho, manukato na sabuni huziondoa. Kabla ya kufuma, lowesha chache uzisugue kwenye kitambaa cheupe, na nyingine ziache dirishani kwenye jua wiki mbili, ukificha za kulinganishia kwenye droo. Zikibadilika, zitumie kwenye hereni au pambo lisilogusa ngozi sana. Bangili ndiyo inayopata jasho kuliko vyote, kwa hiyo ichagulie shanga ambazo rangi iko ndani ya kioo chenyewe.