Ukiwa diwani, habari yako ipeleke mwenyewe kabla haijafika na bodaboda

Mbukwenyi ndugu zangu. Tangu niache udiwani kuna vijana kadhaa waliochaguliwa Oktoba 2025 wananipigia simu kuomba ushauri, na karibu wote wanauliza kitu kimoja, mzee nimekaa sijaenda kijijini muda sasa, nikirudi nawaambiaje wananchi? Nimechoka kujibu kwenye simu naandika hapa, mtanisamehe nikirefusha.

Mimi nilikuwa diwani wa kata moja huku wilaya ya Chamwino, kuanzia 2020 mpaka 2025, kata ya vijiji vinne na makorongo yasiyo na idadi. Mwaka 2023 mgongo ukaanza kuniuma. Nikajua ni pikipiki tu, maana barabara zetu mnazijua, mvua ikinyesha korongo linahama. Nikawa najipaka dawa za mafuta, nakunywa panadoli, maisha yanaenda, mpaka mguu wa kushoto ukafa ganzi nikashindwa kupanda hata kigodoro cha bodaboda. Nikaambiwa diski imekandamiza mshipa wa fahamu, natakiwa upasuaji, na upasuaji wenyewe Dar.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu. Niliondoka na basi la alfajiri, anayejua ni mke wangu na mtendaji wa kata basi. Niliona aibu, yaani mtu waliyemchagua akimbie kimbie leo aonekane anabebwa? Halafu nikajidanganya ni wiki mbili tu. Zikawa wiki kumi.

Huku nyuma watu hawakukaa kimya kunisubiri. Niliporudi nikakuta hadithi tatu zimekomaa kabisa zina miguu na mikono: diwani kahamia Dar kajenga Kigamboni, diwani kala hela ya pampu ya kisima, diwani karogwa na mgombea aliyeshindwa. Kigamboni mimi nimefika mara moja tu maishani, kwenye msiba. Ila ungeniambia nitafute mtu wa kumlaumu ningejilaumu mwenyewe, maana mtu akikosa habari anaitunga, na ukiwa na cheo atakayekutungia nzuri hayupo.

Hiyo ya pampu nilichangia kwa mdomo wangu. Kisima kilikuwa kimeshachimbwa, maji yamepatikana, kimefungwa kifuniko tunasubiri mzabuni alete pampu. Nikiwa kitandani hospitali nikaona ngoja niwatoe wasiwasi, nikarekodi voisi ya dakika tisa nikatupia kwenye grupu la kata. Nikasema hela ya pampu ipo kwenye bajeti ila bado haijatoka. Kuna fundi mmoja, sijui nani mpaka leo, akakata pale pale kwenye "hela ya pampu ipo" akairusha. Siku mbili kata nzima inasikiliza sauti yangu nakiri hela ninayo! Na nusu ya wapiga kura wangu wana kitochi, hawakusikia voisi yenyewe, wamesimuliwa kisimani kwenye foleni ya madumu.

Kwahiyo ushauri wangu, voisi ndefu acha. Andika meseji fupi, kila sentensi isimame yenyewe hata ikikatwa, halafu wape wenyeviti wa vijiji na wa vitongoji waisome kwa sauti kwa watu. Kama ni ugonjwa hata kanisani na msikitini wakiombwa watatangaza, ila siasa usiipeleke huko, utagombana na mchungaji bure.

Niliporudi mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano, chini ya mbuyu kama kawaida. Nikaja nimejipanga, daftari mkononi, nikaanza na barabara, zahanati, madawati. Hata sijamaliza ukurasa mzee mmoja akasimama na fimbo yake, "Mheshimiwa, hayo ya barabara tutayasikia, hayakimbii. Kwanza tuambie ulikuwa wapi."

Nikaanza kueleza diski, mshipa, maneno ya daktari, naona macho yanazidi kuwa makavu. Basi nikageuka nikawapa mgongo nikapandisha shati. Mkutano ukanyamaza. Halafu bibi mmoja aliyekaa mbele na kipeto chake cha ubuyu akasogea karibu kabisa akaangalia ule mshono, akasema kwa sauti, "Kumbe wamekushona kama gunia la mtama!" Watu wakacheka mpaka nami nikacheka, na kucheka kwenyewe kulikuwa kunauma. Baada ya hapo ndio wakanisikiliza. Sisemi kila diwani avue shati, ila ya kwako anza nayo, maana mtu anayejiuliza kama umekufa au umekimbia hawezi kusikia habari za madawati. Ya ndoa yako na mkeo hayo yaache nyumbani. Na wakikuletea kuku wa pole pokea, wakitaka kukuchangia hela kataa kwa heshima, utakuja kudaiwa barabara kwa risiti ya mchango.

Kuhusu hela za miradi nataka nikae kidogo maana ndiko madiwani wengi tunakofia. Sisi tunaongea lugha ya baraza, wananchi wanasikia lugha ya sokoni. Ukisema hela imepitishwa, wewe unamaanisha madiwani tumenyoosha mikono kwenye bajeti inayoanza Julai. Mama aliyeko pale anasikia imeingia. Miezi sita ikipita hajaona kitu anajua imeliwa, na ana haki. Mimi nilikuja kuchora mistari mitatu kwenye daftari: imeombwa, imepitishwa, imeingia. Kila mradi nasoma uko mstari gani, nawaambia mkisikia nasema imeingia ndio mje na maswali ya imeenda wapi. Waambie pia usichokiendesha. Barabara za vijijini ziko kwa wakala wa serikali, TARURA, tangu 2017, maji vijijini yako kwa wakala mwingine, RUWASA, tangu 2019, diwani anasukuma, anauliza, anapiga kelele kwenye baraza, lakini hasaini hundi. Wengi hawajui hilo na sisi tukiwa kwenye kampeni hatuwaambii, tunaahidi kisima kana kwamba tutachimba kwa jembe la mkono.

Na tarehe usitoe kwa kitu kilichoko mkononi mwa mtu mwingine. Toa tarehe ya kwako. Mimi nilikuwa nasema tarehe 15 naenda wilayani kuuliza pampu, tarehe 17 nakuja hapa kuwaambia nilichojibiwa hata kama nimejibiwa hakuna. Mara mbili nilienda nikarudi na hakuna. Wakanung'unika, ila neno la kula hela likaisha lenyewe.

Lililoniuma zaidi kuliko mgongo ni la kikundi cha akina mama wa alizeti. Mnaikumbuka ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Niliwahamasisha mwenyewe, wakaandika katiba, wakafungua akaunti, wanataka mashine ya kukamua mafuta. Aprili 2023 serikali ikaisimamisha nchi nzima ili utaratibu upangwe upya. Nikaijua mapema tu. Sikuwaambia. Nilikuwa nimewaahidi mbele za watu, nikasema ngoja labda itarudi upesi, nikaja kuondoka na ugonjwa wangu hawajui kitu. Mwenyekiti wao alikuwa anapanda gari kila wiki mbili kwenda mjini kuulizia akaunti, kwa nauli ya kuuza kuku wake, na mimi namba yake ninayo kwenye simu. Mikopo ilirudi mwaka wa fedha 2024/25, waliomba tena, ila alivyoniangalia siku nilipomweleza ukweli sijaisahau. Hakunitukana hata. Angenitukana ningelala.

Sasa la kisiasa, maana na mimi nina habari ya kuwapa hapa. 2025 niliingia kura za maoni za chama, zile za kumpata mgombea, nikashindwa. Sikukata rufaa wala sikuhama chama, na 2030 sigombei, msije mkaambiwa naonekana onekana kwa sababu hiyo. Naonekana kwa sababu nina ng'ombe sita na shamba la zabibu na mgongo unaotaka nitembee.

Usiku ule wa matokeo nilisema safari hii habari yangu naipeleka mwenyewe, sirudii kosa. Saa kumi na mbili asubuhi niko njiani na fimbo, wa kwanza nikamfuata yule bibi wa ubuyu maana yeye akijua kimejua kitongoji kizima. Nikamkuta anaanika mlenda kwenye ungo. Nikaanza kwa adabu, bibi nimekuja nikwambie mwenyewe, jana kura...

"Najua," akasema hata hajainua kichwa, "kijana wa boda kapita hapa usiku." Akasukuma kigoda kwa mguu. "Kaa kwanza. Mgongo unaendeleaje?"