Jibu: Kusomea unesi bingwa wa familia kwa mtandao, Marekani
Dada, umeuliza kama unaweza kusomea uzamili wa unesi bingwa wa familia (family nurse practitioner, nesi anayepima na kutibu watu wa rika zote) kwa mtandao huku ukishika zamu za usiku hapo Texas. Nadharia utaimudu. Kinachobana ni vitendo: viwango vya kitaifa vya 2022 vinataka angalau saa 750 za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja, leo mtoto mwenye homa, kesho mzee wa kisukari. Vyuo vingi hukuachia umtafute mwenyewe wa kukusimamia kliniki, na kumpata ni kazi kweli. Uliza hilo kabla hujalipa ada! Hakikisha pia programu ina ithibati ya shirika linalokagua elimu ya unesi, kama CCNE au ACEN, na chuo kinaruhusiwa kupokea wanafunzi wa jimbo lako. Muhula wa kliniki ukifika, tafadhali punguza zamu.