Muulize Bwana Mifugo: vitoto vya sungura pori, sungura waliofiwa na mama, na simbilisi wanaokufa wakizaa

Wiki hii meseji zimejaa habari za vitoto, sijui ni mvua au nini, kila mtu kaokota kitu. Nimechagua chache, zile zinazofanana nimeziunganisha.

Shikamoo Bwana Mifugo. Mimi niko Kongwa. Watoto wangu walikuwa wanapalilia shamba la karanga wakakuta vitoto viwili vya sungura pori, vina manyoya na macho wazi, mama yao hayupo, wakavibeba kuja navyo nyumbani. Tumevipa maziwa ya ng'ombe vinanyonya kidogo tu. Nataka nivikuze nije nivichanganye na sungura wangu wa kizungu nipate mbegu ngumu isiyougua ovyo. Nifanyeje?

Marahaba. Kwanza mama yao yupo. Sungura pori wa huko kwetu hachimbi shimo wala hajengi kiota kama huyu wa kufuga, anazaa juu ya ardhi kwenye majani, na vitoto vyake vinazaliwa tayari vimeshajipanga, manyoya, macho wazi, vikikauka tu vinaweza kusogea. Halafu mama anaondoka makusudi kabisa anaenda kukaa mbali, manake akikaa pale harufu yake italeta mbwa na mbweha, vyenyewe vinajibana kimya hata ukivikaribia havikimbii, ndo maana watu wanadhani ni yatima au vinaumwa. Jua likishazama anarudi, ananyonyesha dakika chache, anaondoka tena, bas mpaka kesho jioni. Kwa hiyo mtu anayepita shambani saa nne asubuhi akakuta kitoto peke yake hajakuta yatima, kakuta kitoto kinachosubiri jioni.

Kama ni jana au leo, wahi virudishe jioni hii hii pale pale vilipotoka, na kama pale mnapalilia basi weka pembeni ya shamba kwenye majani marefu, hatua chache tu, halafu ondokeni wote na mbwa afungwe. Ile habari kwamba mama atavikataa kwa sababu vimeshikwa na mikono ya watu mimi siitilii maanani, anachotaka ni kuvikuta. Kesho asubuhi nenda kachungulie kwa mbali, kama vimetulia na tumbo limejaa ujue mama alikuja. Kama ngozi ya shingo ukiivuta inabaki imesimama, vimepoa, vina nzi au sisimizi mwilini, au mama mmemkuta kauawa na mbwa, hapo ndo yatima wa kweli.

Yatima wa kweli anakaa kwenye boksi lenye giza na majani makavu, chumba kisicho na watoto wala redio wala mtu wa kupiga picha, kwa sababu hofu peke yake inamuua. Maziwa ya mbuzi, ya vuguvugu, kidogo kidogo, asubuhi na jioni inatosha, na majani freshi ya porini yawepo karibu maana wiki ya pili anaanza kudonoa mwenyewe. Alafu piga simu kwa afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA, mamlaka ya wanyamapori Tanzania. Sungura pori ni mnyamapori kisheria hata kama ni mdogo kiasi hicho, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 haisemi "isipokuwa sungura", huwezi kumfuga bila kibali. Wasomaji wa Kenya kwenu ni KWS, shirika la wanyamapori la huko, na sheria ya 2013, mambo ni yale yale.

Na hiyo mbegu sahau kabisa. Sungura wa kufuga ana kromosomu 44, huyo wa porini ana 48, ni wanyama wawili tofauti wanaofanana masikio. Hata ukiwafungia pamoja mwaka mzima hupati kitoto, utakachopata ni sungura pori aliyevunjika mgongo kwa kujirusha kwenye waya. Ukitaka mbegu ngumu chagua majike wako mwenyewe waliolea vizuri, dume kanunue kwa mfugaji mwingine asiye na undugu na hao.

Daktari, niko Nakuru. Sungura yangu New Zealand White alizaa saba halafu siku ya tatu akakufa, sijui nini ilimuua. Watoto wako kwa nest ya manyoya, bado hawana nywele, na usiku hapa kuna baridi mbaya. Nimejaribu kuwapa maziwa na kijiko yanatokea kwa pua. Please nisaidie, nimelala masaa mawili tu.

Pole sana. Weka kijiko chini kwanza. Maziwa yakitokea puani ujue mengine yameshaingia kwenye mapafu, na hiyo ndo nimonia inayowaua wengi kabla hata ya njaa.

Anza na joto, maziwa baadaye. Kitoto kilichopoa tumbo lake halifanyi kazi, ukikipa maziwa kikiwa baridi yanachacha ndani. Chupa ya maji ya moto ifunge kwenye kitambaa, iweke upande mmoja wa boksi ili wakizidiwa na joto wajisogeze, wafunike na yale yale manyoya aliyojinyonyoa mama yao, usiyatupe. Wakiwa na joto na wanachezacheza ndo tuongee chakula.

Na chakula cha kwanza ninachokishauri ni mama mwingine. Zunguka kwa majirani wanaofuga, uliza nani ana jike lililozaa ndani ya siku mbili tatu hizi. Mtoe huyo jike nje kidogo, wasugue hawa watoto na manyoya ya kiota chake, wachanganye katikati ya wa kwake, subiri nusu saa ndo umrudishe. Wengi wanapokea bila maneno. Ila jumla wasizidi nane maana matiti yake mara nyingi ni nane, kwa hiyo huenda ukawagawa kwa majike wawili. Ndo maana wafugaji wa siku nyingi wanapandisha majike wawili siku moja, mimba ni siku 31 hivi, wanazaa karibu pamoja, huyu akifa yule yupo.

Ukikosa kabisa, nunua sirinji ndogo ya mililita moja au mbili, bila sindano jamani, na maziwa ya mbuzi. Ya ng'ombe ni mepesi mno, maziwa ya sungura yana mafuta zaidi ya asilimia 10 wakati ya ng'ombe ni 3 na kitu, ya mbuzi nayo hayafiki huko ila yanasagika kwa urahisi, ukipata malai yake ongeza kidogo. Sukari usitie, uji usitie. Mshike kwa tumbo kuangalia chini kama anavyosimama, kichwa kimeinuka kidogo, usimlaze chali kama mtoto wa binadamu, na tone moja moja analamba mwenyewe. Wiki ya kwanza ni mililita 2 mpaka 2 na nusu kwa mlo, milo miwili kwa siku. Wiki ya pili 5 mpaka 7, ya tatu 7 mpaka 13, baada ya hapo hata 15. Najua utasema ni kidogo, utataka kumwongeza usiku wa manane kwa huruma, usifanye hivyo, sungura mwenyewe ananyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku na ni dakika tatu mpaka tano anaondoka. Wengi wanaolelewa kwa mkono wanakufa kwa kushibishwa, tumbo linajaa gesi linakuwa gumu kama mpira, asubuhi umewakuta wamekauka. Kwa hiyo na wewe lala usiku.

Kitu watu wanakisahau ni kuwakojoza. Baada ya kila mlo chukua pamba iliyoloweshwa maji ya vuguvugu, papasa taratibu sehemu ya chini mpaka mkojo utoke, mama yao angewalamba. Fanya hivyo mpaka macho yafunguke, siku ya 10 mpaka 12. Wiki mbili na kitu waanze kuona nyasi kavu, na hapo ukiweza chukua yale mavi laini yanayong'aa ambayo sungura mkubwa mwenye afya huyala mwenyewe alfajiri, kidogo tu, changanya na maziwa, yanawapa bakteria wazuri wa tumbo ambao wangewapata kwa mama. Majani mabichi subiri kwanza.

Si wote saba watakaoishi, nakwambia mapema. Na yule mama kama bado hujamzika mpeleke kwa daktari wa mifugo aliye karibu ampasue, unahitaji kujua kilichomuua kabla hakijahamia banda la pili.

Bwana Mifugo habari za kazi, mimi ni mama wa Makambako, nafuga simbilisi jikoni kama walivyofuga bibi zetu. Mwaka huu majike watatu wamekufa wakati wa kuzaa, na wengine kiangazi hiki wanaburuza miguu ya nyuma, hawataki kutembea, manyoya yanapukutika. Jirani anasema ni kurogwa, mimi nasema ni baridi.

Mama, majibu ni mawili tofauti. La kuburuza miguu ni vitamini C. Simbilisi hawezi kuitengeneza mwilini, ni kama mimi na wewe tu, sungura na mbuzi wanajitengenezea. Masika majani mabichi yapo tele huoni shida, ikifika Julai Agosti nyasi zimekauka, barafu imechoma zilizobaki, unawapa mabua ya mahindi na pumba, wiki mbili tatu viungo vinavimba, fizi zinatoa damu, anashika kona. Nyasi kavu haina vitamini C ya maana hata kama ni nyasi nzuri. Wape sukuma wiki, chainizi, matembele, pilipili hoho, maganda ya chungwa wakiyakubali, mapera yakiwa msimu wake ndo mazuri kuliko vyote. Kabichi kidogo tu inajaza gesi. Mkubwa mmoja anahitaji kama miligramu 10 mpaka 30 kwa siku, mwenye mimba mpe upande wa juu, kwa hiyo hata kidonge cha duka la dawa ukikivunja vipande unawaokoa walioanza kuumwa. Usiiweke kwenye maji ya kunywa ukaiacha, inaharibika upesi. Na majani ya parachichi, ya viazi mviringo na ya nyanya yasiingie jikoni kwako kabisa, hayo ni sumu.

La kufa wakizaa, naomba nijue majike hao walikuwa na umri gani mara ya kwanza kupandwa. Simbilisi mimba yake ni ndefu, siku 59 mpaka 72, na mtoto anazaliwa mkubwa, ana manyoya, macho na meno, kesho yake anatafuna majani. Mtoto wa namna hiyo anapita kwa sababu mifupa ya kinena ya mama inaachana. Jike ambaye hajawahi kuzaa mpaka akafika miezi saba hivi, ile mifupa inaganda haifunguki tena, hapo anakufa yeye na watoto. Kwa hiyo mpandishe akiwa na miezi mitatu minne na ana uzito wa nusu kilo hivi, azae kabla ya miezi sita saba. Jike uliyemnunua mkubwa na hujui kama alishazaa, huyo ni wa sufuria au wa kukaa bila dume. Tena dume mtoe kabla jike hajazaa, maana saa chache baada ya kuzaa anampanda tena, anabeba mimba juu ya kunyonyesha mpaka anaisha. Vidume vidogo vitenge wiki ya tatu, hapo jikoni mkiwaacha wote pamoja ndugu wanapandana ndo unaona vitoto vinazidi kudumaa kila uzao.

Baridi haina kosa sana, ila moshi una kosa. Watengee kona yenye hewa.

Kaka, simbilisi wangu kang'atwa na mwenzie, kidonda kikatunga usaha. Nimempa amoksilini ya watoto, ile ya maji ya rangi, siku ya pili leo. Niendelee mpaka lini? (Arusha)

Acha sasa hivi. Amoksilini, ampisilini, penisilini ya kunywa, hizo kwa simbilisi na sungura ni kifo, zinaua bakteria wazuri wa utumbo, wabaya wanajaa wanatoa sumu, siku chache kuhara kunaanza na hapo kurudi ni kazi. Kidonda kioshe kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, mpe nyasi nyingi ale, na daktari ndo achague dawa inayofaa, zipo. Na kwa kuwa naona mtu akiwa na dawa moja anazo zote: ile spreyi ya kupe ya mbwa yenye fipronili usimpulizie sungura, inamuua, na ukurutu wa masikio hautibiwi kwa oili chafu, ni sindano ya ivermektini chini ya ngozi, kipimo akipige mtaalamu kwa uzito, irudiwe baada ya wiki mbili.

Je naweza kuwaweka sungura na simbilisi banda moja kuokoa nafasi? Niko Kigamboni.

Hapana. Teke moja la sungura linavunja mbavu za simbilisi, na sungura anabeba bakteria wa kifua ambao yeye hawamsumbui ila mwenzie wanamuua. Joto la Kigamboni nalo liangalie, likipita 30 sungura dume anapoteza nguvu ya mbegu, weka banda kwenye kivuli na upepo.

Siafu wameingia usiku wamemaliza vitoto vyote ndani ya boksi, mama kabaki na vidonda. Nazuiaje wasirudi? (Muheza)

Kila mguu wa banda uusimamishe ndani ya kopo lenye oili chafu, kagua kila wiki maana vumbi na majani yakijaa juu ya oili yanakuwa daraja, na mvua ikijaza kopo oili inamwagika. Fyeka kuzunguka banda, usiache tawi wala kamba ya nguo inayogusa paa, hata fagio lililoegeshwa ukutani watalipanda. Mwezi wa kuzalisha pita na tochi kabla ya kulala, ukiona mstari wao mwaga majivu ya moto kwenye njia yao na uhamishe boksi usiku huo huo, usisubiri asubuhi.